Grosari yetu ya Mikumbi imegeuzwa baa ya mjusi. Wana Lindi mnalionaje?

Korosho Ghafi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wa Lindi mjini mnaijua ile grosari ya Mikumbi yenye mwembe uani. Jina nalihifadhi, wenye mji mnapajua, na mwenye mali ni mtu mzima wa kuheshimiwa. Sasa mzee kachoka, kamkabidhi kijana wake aliyerudi kutoka Dar. Kijana akafunga, akazungushia mabati, kutwa ndani zinasikika nyundo. Sisi tukadhani anapaua upya, maana bati la upande wa jikoni lilikuwa linavuja tangu enzi.

Ijumaa kafungua. Aisee!

Getini kasimama mjusi wa zege, yaani dinosaria, kichwa kimepita paa. Mdomo wazi, meno nje, vimikono vimekunjwa kifuani, macho ni taa nyekundu zinazowaka na kuzimika. Ndani kuta zote kijani, zimechorwa msitu na mlima unaotoa moshi (Lindi hii hii, mlima wa moto upo wapi?). Mifupa ya plastiki inaning'inia juu ya kaunta, ukisimama kuagiza lazima uinamishe kichwa. Wahudumu wamevalishwa fulana zenye magamba mgongoni. Menyu imepigwa plastiki: "Mbavu za Tendaguru" (kile kilima cha huku kwetu kilikochimbwa mifupa ya dinosaria), "Supu ya Jurasiki", "Mayai ya Mjusi". Hayo mayai ni yale yale ya kuchemsha aliyokuwa anazungusha dogo na ndoo yake, ila sasa yanaletwa kwenye kikapu cha nyasi na bei imepanda mara mbili.

Bia ilikuwa buku mbili, sasa buku tatu. Meza ya drafti haipo. Benchi la chini ya mwembe limeng'olewa, pale ndipo anapokaa DJ.

Sikatai maendeleo. Ninachouliza ni kimoja: hii baa kafanyiwa nani? Maana sisi tuliokuwa tunashinda pale tumegeuzwa watalii mtaani kwetu.

Karibuni, bila matusi.

Pweza Mkavu

Siti ya mbele nimeshachukua. Naomba mayai ya mjusi mawili na pilipili.

Jiwe la Chumvi

Uzi bila picha ni chai.

Korosho Ghafi

Mkuu nimepiga, lakini usiku yale macho yanaharibu picha yote, inatoka wekundu mtupu. Nitapita mchana.

Mla Ming'oko

Mbavu za mjusi? Nchi ya watu wanaosali hii jamani. Nani kamshauri kuandika hivyo? Shangazi yangu kapita pale kaona kibao, kauliza kwa sauti kubwa, "Na mjusi sasa analiwa?" Mhudumu kabaki anacheka tu, hana jibu.

Binti Mchinga

Naomba nipingane na mleta uzi.

Mimi ni mwanamke, nimezaliwa Mchinga, kazi yangu iko mjini. Hiyo grosari mnayoililia miaka yote nilikuwa napita nje. Ukiingia mwanamke peke yako shingo zote zinageuka. Ukiagiza soda unaulizwa unamsubiri nani. Choo kilikuwa kimoja na mlango haufungi, unaushikilia kwa mkono mmoja huku umechuchumaa, mtu nje anakohoa kukuharakisha.

Jumamosi nimeenda na wenzangu wa ofisini. Choo cha wanawake kipo peke yake, kina maji, kina kioo, kina komeo. Nimekula samaki changu wa kukaanga na ndizi, nimesikiliza muziki, nimelipa nikaondoka. Hakuna aliyeniita "mrembo" wala kuvuta kiti changu. Hiyo buku ya ziada mnayoilalamikia, mimi nailipia komeo.

Mjusi ni mbaya, hilo sibishi. Ana sura ya mtu aliyekunywa nipa asubuhi. Lakini mkisema baa kafanyiwa nani, jibu mojawapo ni mimi.

Pweza Mkavu

Buku ya komeo. Uzi umeisha, tufunge.

Mzee wa Drafti

Vijana, salaam. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema tu.

Binti wa Mchinga kasema kweli juu ya choo. Tulimwambia mwenye baa mara nyingi, akawa anasema msimu ukifika. Misimu imefika imepita.

Lakini na mimi nieleze changu. Pale chini ya mwembe drafti ilichorwa kwenye meza yenyewe kwa rangi ya mafuta. Kete zilikuwa vizibo, upande mmoja vya Safari, upande mwingine vya Kilimanjaro, na kingi unamjua kwa kuwa kizibo kimegeuzwa tumbo juu. Mtu anaweza kukaa pale na chupa moja tangu alasiri mpaka magharibi na hakuna aliyemfukuza. Habari za msiba unazipata pale. Fundi wa kupulizia mikorosho salfa unampata pale. Kama mnada wa korosho umekwenda vibaya Nachingwea, unasikia pale kabla ya redio. Sasa nimeenda Jumapili, nimekaa kidogo, mhudumu kaja na menyu, kanisimamia. Nikaagiza maji. Kaja mara ya pili. Nikaelewa.

Korosho Ghafi

Shikamoo mzee. Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema, wewe umeyasema vizuri zaidi.

Mzee wa Drafti

Marahaba.

Msafiri wa Kusini

Mimi ni wa Dar, nilishuka huko wikiendi kwa shughuli zangu. Nimepiga picha na mjusi, nimetuma kwenye makundi yote, watu wameanza kuuliza Lindi iko wapi. Nyie watu mnalia kila siku kwamba kusini haina vivutio, mkiwekewa kivutio mnanuna!

Mla Ming'oko

Mkuu, wewe ulipiga picha ukapanda basi. Sisi tunalala na hicho kivutio. Macho yake yanamulika mpaka chumbani kwangu, nimeweka shuka dirishani.

Jirani wa Ukutani

Mimi sinywi na baa siijui kwa ndani. Nyumba yangu inagusana ukuta na hapo.

Nyie wanywaji mnalilia drafti na bei. Mimi nazungumzia kelele. Mzee wa zamani alikuwa na redio yake, na adhana ikipigwa alikuwa anainuka mwenyewe kuizima, mpaka watu wamalize kusali ndipo anaiwasha. Hakuna aliyemwambia, alikuwa mtu wa hapa. Huyu DJ wa sasa adhana ya isha inamkuta kwenye spika mbili kubwa na hana habari. Watoto wana mitihani. Nimekwenda kumwona kijana mwenyewe, kanipokea kwa adabu, kasema atalishughulikia. Siku mbili akapunguza, ya tatu ikarudi vile vile.

Binti Mchinga

Hapo kwenye adhana niko na wewe mama. Hilo halihitaji mjadala.

Nangurukuru Stendi

Wanaolia na bei wamesahau barabara. Mwezi wa tano 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara Somanga, bia mjini zilikuwa zinauzwa kwa kujuana. Mzigo wetu unatoka Dar, ukifika huku umeshalipa kila kitu njiani. Buku mbili ya yule mzee ilikuwa sadaka.

Jiwe la Chumvi

Kijana anatega watu wa gesi, hakuna kingine. Kasikia mradi wa gesi wa Likong'o unakuja, kajiandaa kupokea Wazungu.

Korosho Ghafi

Mkataba wa awali wa huo mradi ulisainiwa Dodoma Juni 2022. Tangu hapo sisi ni kusubiri tu. Akikaa anangoja Wazungu wa gesi, atamuuzia nani hizo Mbavu za Tendaguru? Pesa ya Lindi tunaijua inaingia lini: ufuta katikati ya mwaka, korosho kuanzia mwezi wa kumi. Miezi mingine ni samaki, chumvi na mishahara ya serikali.

Mwalimu Chaki

Nilikuwa nasoma kimya, lakini huyo mjusi wa getini amenishinda.

Wana Lindi, yule siyo wetu.

Mwenye vimikono vifupi na meno ya kutisha, Tyrannosaurus, ni wa Amerika Kaskazini. Na aliishi zaidi ya miaka milioni 80 baada ya wale wa Tendaguru. Wa kwetu, ambaye watu wote humu mlimsikia mkiwa darasani, ni mla majani. Shingo ndefu, miguu ya mbele imezidi ya nyuma, kichwa kidogo. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Wataalamu walimpa jina Brachiosaurus brancai mwaka 1914, siku hizi wanamwita Giraffatitan.

Kwa wasiojua habari yenyewe: mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta mfupa mkubwa umejitokeza karibu na kilima cha Tendaguru, huko Mipingo. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu, Eberhard Fraas, akathibitisha. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta msafara wa uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Iliondoka mifupa ya zaidi ya tani 200. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Kila kipande kilifungwa, kikabebwa na watu kwa miguu, siku kadhaa njiani, mpaka bandarini hapa Lindi, ndipo kikapanda meli.

Na muiangalie hiyo miaka vizuri. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907. Kusini yote ilikuwa imetoka kwenye mauaji na njaa. Hao waliobeba mifupa ni watu waliokuwa wametoka kwenye hilo.

Wachimbaji walikuwa mamia. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, hodari wa kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Wazungu wenyewe walimtegemea. Mwaka 2007 mtafiti Kristian Remes alipompa jina dinosaria mwingine wa Tendaguru, alimwita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti.

Baadaye, 1924 hadi 1931, wakaja Waingereza nao kuchimba. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria hapa hapa Lindi mwaka 1925. Louis Leakey, huyu huyu tunayemsoma kwenye habari za Olduvai, alipita Tendaguru akiwa kijana kwenye msafara huo.

Sasa nendeni baa mkaangalie ukutani. Kuna picha za Wazungu wenye kofia na kuna mnyama wa filamu. Boheti hayupo. Mpagazi hata mmoja hayupo.

Mla Ming'oko

Kwa hiyo wa kwetu yuko Ujerumani, na wa Marekani katoka kwao kaja kukaa Mikumbi. Hahahaha! Nimeinuka kwenye kiti.

Pweza Mkavu

Na hana hata kibali cha kuishi.

Jiwe la Chumvi

Mwalimu, kwa haki tu: Tendaguru walikuwepo na wala nyama. Meno yao yalipatikana. Kwa hiyo meno siyo uongo kabisa.

Mwalimu Chaki

Kweli walikuwepo, na ungeniambia kachorwa mmoja wao ningenyamaza. Lakini huyu hakuchorwa kutoka Tendaguru, katolewa kwenye simu.

Baridi Kali

Nawasalimu kutoka Berlin, niko huku kimasomo. Nyumbani ni Rasbura.

Makumbusho yenyewe inaitwa Museum für Naturkunde. Ukiingia ukumbi mkubwa, huyo wa kwetu mwenye shingo ndefu ndiye wa kwanza kumwona. Kimo chake mita 13.27, Guinness wamemwandika kuwa kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani. Alisimamishwa 1937. Pembeni yake wapo wengine wa kwetu, akina Dicraeosaurus na Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni. Watoto wa shule wanakalishwa chini pale na walimu wao. Mimi nilisimama nyuma yao, nikatamani kumwambia hata mmoja kwamba huko alikotoka ndiko kwetu. Sikumwambia mtu.

Lakini niwape na hili, mpunguze hasira kwa yule kijana. Hata wa Berlin si mfupa mtupu. Fuvu mnaloliona juu ni la kuigiza, na sehemu kubwa ya uti wa mgongo ni ya kuigiza, kwa sababu halisi ni nzito na dhaifu, zimehifadhiwa pembeni. Kwa hiyo kuweka bandia siyo dhambi. Na yule mwenye vimikono vifupi, waliwahi kuwa naye humo humo ndani, wa kutoka Montana, Marekani, jina lake Tristan Otto. Walikuwa wamempa chumba chake mbali, hawakumchanganya na wa Tendaguru.

Nangurukuru Stendi

Suala la kumrudisha limeishia wapi? Wabunge wa huku wamelisema bungeni mpaka tumechoka kusikia.

Mwalimu Chaki

Wamelisema, ndiyo. Na mara zote jibu linazungukia gharama, utaalamu wa kumtunza na mazungumzo na Wajerumani. Rais wao, Steinmeier, alipokuja 2023 alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendeka wakati wa Maji Maji. Mjusi bado yuko Berlin. Huo ni uzi mwingine, tusiufungue hapa, tutafika asubuhi.

Fundi Zege

Nimetumiwa huu uzi na rafiki yangu. Mimi ndiye niliyemjenga huyo mjusi. Naomba nisikilizwe.

Bosi alinionyesha picha kwenye simu, ya huyo wa filamu. Nikamwuliza, "Bosi, wa Tendaguru si yule wa shingo?" Akasema yule hatishi, watu wanataka meno. Mimi ni fundi, nimeambiwa meno, nimeweka meno.

La pili, shingo siyo mchezo. Shingo ya zege ni mzigo unaoning'inia hewani. Inataka nondo nene, inataka msingi wake, na miguu ya mbele iwe minene kweli kweli. Bajeti niliyopewa haikutosha. Huyu wa meno anasimama kwa miguu miwili na mkia, mkia ndio unaomzuia asilale kifudifudi. Nondo za milimita 12 miguuni, 8 mwilini. Nikazungushia wavu wa kuku, nikapiga simenti na mchanga tabaka kwa tabaka, nikawa namwagilia maji asubuhi na jioni asipasuke. Magamba yote mnayoyaona nimechora kwa kijiko cha chai simenti ikiwa mbichi. Gamba moja moja. Na hayo meno mnayoyacheka ni mabaki ya tailizi za hicho choo anachokisifia dada wa Mchinga.

Mnaweza kumcheka mjusi, lakini kampigeni ngumi mkono muone nani ataumia.

Binti Mchinga

Meno ya tailizi za choo! Fundi, nakuvulia kilemba. Magamba kweli yamekaa, nimeyagusa.

Mla Ming'oko

Heshima kwako fundi. Kazi ni safi, ila mteja wako ndiye hakujua anataka nini.

Dada wa Zamu

Nafanya kazi hapo, sitajitaja.

Fulana ni ya nailoni, ikifika saa 4 usiku mgongo umelowa. Lakini zamani nilikuwa nalipwa kwa siku, siku isiyo na wateja narudi nyumbani na nauli. Sasa nina mshahara wa mwezi. Chupa ikivunjika nakatwa, sawa, lakini mwezi ukiisha naujua. Kwa hiyo mkisema turudi kama zamani, mimi simo.

Nitasema kitu kimoja ambacho wote mnakizunguka. Mnataja drafti, mnataja benchi, mnataja bei. Hamtaji daftari.

Pweza Mkavu

Ooooh.

Ndugu wa Upande wa Mama

Asante dada kwa kufungua mlango. Mimi ni ndugu wa hiyo familia, nilikuwa najizuia.

Mzee alikuwa na madaftari ya madeni, yale makubwa ya kaunta, yamejaa mpaka kwenye majalada. Wengi hawakuandikwa majina, waliandikwa "Shemeji wa Ng'apa", "Fundi redio", "Mwenye baiskeli nyekundu". Wengine wameshatangulia mbele ya haki. Tulikaa na kijana usiku tukajumlisha. Sitaji hesabu, ila ingetosha kujenga choo, kupaua na kununua friji mpya, na chenji ikabaki. Wakati huo huo mzee anadaiwa na mwenye stoo ya bia. Mwishoni alikuwa anauza ufuta wake mwenyewe ili alipe bia mlizokunywa nyie.

Mjusi hakuiua grosari. Aliikuta imekufa.

Na mleta uzi, mkuu wangu Korosho Ghafi, nakuheshimu. Kuna ukurasa mmoja nadhani tunaufahamu wote wawili.

Korosho Ghafi

Tusihame mada wakuu.

Jiwe la Chumvi

HAHAHAHAHA. Chai imeshuka, sasa tunakula vitafunwa.

Nangurukuru Stendi

"Tusihame mada." Nimecheka mpaka kondakta kanigeukia.

Mzee wa Drafti

Mjukuu kanisomea. Mimi changu nimelipa, na mwenye baa ni shahidi.

Lakini daftari msilidharau. Mkulima wa mikorosho pesa inamtoka kuanzia mwezi wa tano, wa sita: palizi, salfa, vibarua wa kupuliza. Pesa inamwingia baada ya mnada, na hapo kapeleka chama cha msingi, kangoja stakabadhi ghalani, kangoja benki. Katikati pana miezi ambayo mtu mzima mwenye mikorosho yake hana hata ya supu. Pale ndipo daftari lilipokuwa likifanya kazi. Yule mzee alikuwa anajua nani ana mikorosho mingapi na nani anadanganya. Akikukatalia kukuandika, mtaa mzima unajua umeharibikiwa.

Tatizo ni walioandikwa wasio na shamba wala mshahara, na wale wenye mshahara waliojifanya wakulima. Hao ndio waliomuua.

Ndugu wa Upande wa Mama

Mzee, umenena. Hata kijana hilo analijua, ila yeye hajui nani ana mikorosho mingapi. Kakulia Dar. Kwa hiyo kaona salama yake ni kila mtu alipe hapo hapo, kwa simu au taslimu.

Mwalimu Chaki

Basi huyo kijana angekaa na baba yake chini ya huo mwembe msimu mmoja tu kabla ya kumwita DJ.

Binti Mchinga

Na baba naye angejenga choo kabla ya kuandika bia ya kwanza ya mkopo. Tuseme yote.

Ndugu wa Upande wa Mama

Kijana anausoma huu uzi tangu jana, kaniomba niseme haya kwa niaba yake.

Moja, adhana. Kuanzia leo spika zinazimwa, swichi iko kaunta, siyo kwa DJ. Mama wa ukutani, kaomba radhi na atakuja mwenyewe nyumbani. Siku za shule muziki unaisha saa 4 usiku.

Pili, Jumatatu mpaka Alhamisi kabla ya saa 12 jioni bia itakuwa 2,500. Chini ya hapo hawezi, na msimtajie tena buku mbili.

Tatu, kuna nafasi nyuma ya jiko la nyama, ina kivuli. Meza ya drafti haikutupwa, ipo stoo. Mzee akitaka itatolewa, na hakuna menyu itakayopelekwa upande huo.

Daftari halirudi.

"Mbavu za Tendaguru" itaandikwa "mbavu za mbuzi". Naona shangazi ndiye aliyeshinda kuliko wote.

Mzee wa Drafti

Nyuma ya jiko moshi unaelekea wapi?

Ndugu wa Upande wa Mama

Upande wa barabara, mzee.

Mzee wa Drafti

Basi sawa.

Jirani wa Ukutani

Nimesikia. Ahadi ya kwanza pia niliisikia. Nitangoja niione.

Mla Ming'oko

Na macho?

Ndugu wa Upande wa Mama

Macho yatawekwa balbu ya kawaida, isiyowaka na kuzima. Ondoa shuka.

Mwalimu Chaki

Mimi nina ombi, na sidai malipo. Ukuta wa kuingilia, pale penye mlima wa moto, pafutwe paandikwe kwa Kiswahili habari ya Tendaguru: mwaka gani, nani alichimba, nani alibeba, ilipitia wapi. Jina la Boheti bin Amrani liwe juu, herufi kubwa. Maneno naandika mimi, mchoraji nitamsimamia. Mtu akija kupiga picha aondoke na kitu.

Baridi Kali

Mwalimu, nisaidie nini nikiwa huku? Nikipata nafasi nitapiga picha za mifupa pande zote, hasa miguu ya mbele na bega, fundi apate kitu cha kufuata. Makumbusho wanaruhusu kupiga picha bila kumulika.

Fundi Zege

Hizo picha nazitaka sana. Mkinipa na vipimo, shingo naijenga, namwekea pale uwani upande wa mwembe, anaonekana anakula majani. Nitatumia bomba la chuma katikati badala ya nondo tupu, na kichwa nitakifanya cha wavu na simenti nyepesi ili kisivute. Huyu wa meno akae getini tu, kama mlinzi.

Ila kuna jambo. Ile kazi ya kwanza bado sijamaliziwa changu. Nililipwa nusu, ya pili naambiwa biashara ichangamke.

Dada wa Zamu

Ni kweli, hajamaliziwa. Nilikuwepo siku anadai.

Jiwe la Chumvi

Subirini kidogo. Kijana kafuta daftari la wateja, kafungua lake la mafundi?

Pweza Mkavu

Damu ni nzito. Kweli huyu ni mtoto wa mzee.

Korosho Ghafi

Sasa hapo ndipo naomba tuhamie mada hiyo, tena haraka.

Ndugu wa Upande wa Mama

Hilo sikulijua, kusema kweli. Fundi, niandikie pembeni kiasi kilichobaki. Nitamkalisha leo usiku.

Fundi Zege

Nimeshatuma. Na Korosho Ghafi, wewe usinichekee. Nakukumbuka, ulikuja kunishikia ngazi siku napiga kichwa, ukaniambia bia za siku hiyo niandike kwa jina lako.

Nangurukuru Stendi

Mods msifunge uzi.